Dhahabu Kwenye Kikopo cha Mkojo

Leo nataka tuzungumze habari ya mkojo. Najua saa hizi kuna nyumba ambako chakula kimeshapakuliwa, mnisamehe sana. Lakini msizime redio, maana safari yetu inaanzia kwenye dhahabu.

Kichukue kile kipimo cha mimba kinachouzwa duka la dawa, kile cha kijikaratasi chembamba, kinachokuja kwenye pakiti pamoja na kijifuko cha kukausha unyevu. Unakichovya kwenye mkojo, unakilaza mahali pakavu, unasubiri dakika chache huku moyo unakwenda mbio. Mstari mmoja, hakuna kitu. Mistari miwili, kuna mgeni njiani. Ule wekundu unaopanda kwenye karatasi wengi tunadhani ni wino. Katika vipimo vingi vya aina hiyo si wino, ni dhahabu, ile ile inayochimbwa Geita na kuvaliwa vidoleni siku ya ndoa, ila imetengenezwa katika chembe ndogo mno. Dhahabu ikishafika udogo wa nanomita 20 au 40 huacha unjano wake. Hugeuka nyekundu, na chembe zikirundikana nyingi huwa rangi ya damu ya mzee.

Nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Unywele wako mmoja una unene wa nanomita 80,000 hivi. Basi ndiyo maana kipimo kinauzwa bei ya soda na hakuna mtu anayekikwangua kutafuta utajiri: dhahabu iliyomo ni kidogo kuliko unavyoweza kuiona, ila rangi yake inaonekana.

Mtu aliyelichunguza jambo hili kwa makini mapema kabisa ni Michael Faraday, yule Mwingereza tunayemkumbuka zaidi kwa umeme. Mwaka 1857 aliwaeleza wanasayansi wenzake jijini London kwamba umajimaji mwekundu aliokuwa ameutengeneza kwa dhahabu na fosforasi haukuwa na rangi yoyote iliyotiwa ndani. Wekundu ule ulikuwa dhahabu yenyewe, katika chembe ambazo hadubini ya zama zake haikuweza kuzionyesha. Baadhi ya chupa zake bado zimehifadhiwa kwenye taasisi ya Royal Institution, na mpaka leo ni nyekundu. Faraday hakuwa anafikiria mimba wala kifua kikuu. Alikuwa anaushangaa mwanga tu.

Kwa hiyo ukisikia watu wanataja teknolojia ya nano kwa sauti ya kuogofya, kama kitu kinachokuja kutoka sayari nyingine, wewe tulia. Dada yako ameshakishika bafuni. Jambo jipya ninalotaka tulitazame ni kwamba kuna watafiti wanaozitaka chembe hizi zifanye kazi kubwa zaidi. Hawataki zisubiri kwenye karatasi mpaka mkojo uje. Wanazitaka ziingie mwilini, zizunguke kwenye damu, zikutane na ugonjwa huko huko uliko, kisha zitoe jibu kwa njia ya haja ndogo.

Hapo inabidi tuzijue figo kidogo. Figo ni chekecheo. Kwa siku moja huchuja takriban lita 180 za maji ya damu, ambayo karibu yote hurudishwa mwilini, na kinachotoka nje ni lita moja na nusu, mbili. Chekecheo hilo lina matundu yenye kiasi chake: kitu kigumu kidogo chini ya nanomita 5 au 6 hupita kikaenda kwenye kibofu, na kikubwa zaidi ya hapo hubaki kwenye damu. Ishike hiyo namba 5, tutaihitaji.

Sasa utaniuliza, kama mkojo unaweza kueleza mimba ya wiki chache, kwa nini usieleze saratani? Swali zuri. Jibu ni kwamba mimba haina siri. Kondo linapoanza kujijenga humwaga homoni kwa wingi, na kila siku mbili tatu kiwango huongezeka maradufu. Uvimbe mchanga wa saratani, wenye upana wa milimita mbili, hauna kelele hizo. Hata ukitoa protini fulani isiyo ya kawaida, inaingia kwenye lita tano hivi za damu ya mtu mzima, inapotelea humo, inavunjwavunjwa na ini kabla hata haijafika kwenye figo. Madaktari wamehangaika miaka mingi kutafuta alama za asili za saratani kwenye damu na mkojo, na nyingi walizozipata huonekana ugonjwa ukiwa umeshakomaa.

Profesa Sangeeta Bhatia wa chuo cha MIT, Marekani, ni mhandisi na pia ni daktari, na nadhani ilihitaji mtu mwenye taaluma zote mbili kulifikia wazo hili. Yeye na wenzake hawakuusubiri uvimbe uongee. Waliamua kwenda kuuhoji.

Wazo lenyewe linategemea jambo moja kuhusu tabia ya saratani. Uvimbe hauwezi kukua na kusambaa bila kukata nyama zilizouzunguka, na kazi hiyo ya kukata hufanywa na vimeng'enya vinavyovunja protini. Mwili wa binadamu una aina zaidi ya 500 za vimeng'enya hivyo. Vingine vinagandisha damu ukijikata, vingine vinasafisha kidonda, vingine viko tumboni vinamalizana na maharage. Kila kimojawapo kina mahali pake pa kukata. Ukikipa mnyororo mfupi wa protini, unaoitwa peptaidi, wenye mpangilio usiokihusu, kitaupita. Ukikipa wenye mpangilio wake, kitaukata pale pale.

Basi watafiti walichukua chembe za nano, kubwa kuliko ile nanomita 5 ili figo zisizitupe mapema, wakazivisha peptaidi kote kote. Wakawachoma panya sindano. Chembe zikaenda na damu. Zilipofika mahali penye kimeng'enya husika, peptaidi zikakatwa, vipande vikadondoka, na vipande hivyo ni vidogo kiasi kwamba figo zikaviruhusu. Vikatokea kwenye mkojo. Tena kimeng'enya kimoja hakichoki baada ya kukata mara moja. Kinakata, kinaachia, kinakata tena, maelfu kwa maelfu, kwa hiyo uvimbe mdogo usio na sauti unaacha takataka nyingi za kuhesabika. Hiyo ndiyo akili ya jambo zima, na mimi kila nikiifikiria naona ni nzuri mno: unautumia ukorofi wa ugonjwa wenyewe kuzidisha ushahidi dhidi yake.

Matokeo ya kwanza, ambayo Gabriel Kwong aliyaandika pamoja na Bhatia na wenzao, yalichapishwa mwanzoni mwa 2013. Waliweza kutofautisha panya wenye makovu kwenye ini na wasio nayo, na kuwatambua wenye saratani ya utumbo mpana. Lakini vile vipande kwenye mkojo vilisomwa na mashine ya gharama kubwa, ambayo hospitali ya wilaya haitaiona leo wala kesho. Mwaka 2014 wakaja na kijikaratasi, ndugu yake kile kipimo cha mimba, kikasoma saratani na damu iliyoganda ndani ya mishipa. Mwaka 2017 wakaripoti kwamba wameona uvimbe wa saratani ya mifuko ya mayai ya uzazi katika panya ukiwa chini ya milimita 2. Akina mama wanaonisikiliza wanajua kwa nini hiyo ni habari: saratani ya mifuko ya mayai hujificha tumboni bila maumivu mpaka tumbo linajaa maji.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote, hata hivyo, ni la 2019, ambalo maabara ya Bhatia ilishirikiana na ya Molly Stevens, wakati huo wa Imperial College London. Hapa dhahabu inarudi. Walitengeneza vishada vya dhahabu vyenye upana chini ya nanomita 2, wakavifunga kwa peptaidi kwenye protini kubwa ambayo haipiti kwenye figo. Vikiwa vimefungwa, haviendi popote. Peptaidi ikikatwa na kimeng'enya cha uvimbe, kishada kinafunguka, na kwa udogo wake kinateleza hadi kwenye mkojo. Dhahabu ya udogo huo ina tabia moja ya ajabu: ukiiwekea kemikali fulani isiyo na rangi pamoja na haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kusafishia vidonda inayotoa povu, inachochea mabadiliko na maji yote yanageuka buluu.

Weka picha. Mezani kuna vijichupa viwili vya mkojo wa panya. Vyote viwili vimetiwa dawa ile ile, kwa kiasi kile kile, na fundi wa maabara amekaa anaangalia. Muda wa saa moja haujaisha. Kimoja kimebaki kama kilivyokuwa. Cha pili kinaanza kuingia ubuluu chini chini, kisha juu, mpaka mtu aliyesimama mlangoni anaona. Hakuna mashine iliyowashwa, wala umeme hautumiki. Panya aliyetoa mkojo wa buluu ndiye mwenye saratani ya utumbo mpana. Watafiti walirudi kuwaangalia panya baada ya wiki nne, na hawakukuta dalili kwamba dhahabu ilikuwa imebaki viungoni mwao.

Na mwanzoni mwa 2024 kundi la Bhatia likaondoa sindano. Safari hii chembe zinavutwa kwa pumzi, kwa mashine ya mvuke au kwa kifaa kama cha mgonjwa wa pumu, zinaingia mapafuni kutafuta saratani. Vipande vinavyokatwa vimefungiwa DNA fupi za kutengenezwa, kila kihisio (yaani kila aina ya chembe iliyovishwa peptaidi) na DNA yake, na kijikaratasi kinazisoma kwa mistari ndani ya dakika 20. Walianza na vihisio 20 wakagundua kwamba vinne vinatosha. Sababu ya kazi hii waliieleza wazi: huko Marekani mvutaji sigara wa siku nyingi akifika umri wa miaka 50 hushauriwa kupigwa picha ya CT kila mwaka, lakini dunia kubwa haina mashine za CT za kufanyia hivyo.

Sasa mpaka hapa naona mtu ameshachukua simu anataka kuniuliza kipimo hicho kinapatikana wapi. Subiri.

Hao wote ni panya. Panya wa maabara ni kiumbe mwenye maisha mepesi sana. Anafanana na mwenzake kama mapacha, anakula chakula kimoja, halali kwenye moshi wa kuni, hana malaria, hana kidonda cha mguu kilichokataa kupona, hajawahi kunywa dawa za mitishamba. Sisi tuna hayo yote, na mengine. Vile vimeng'enya vya kukata protini havifanyi kazi kwenye saratani peke yake. Nimonia inaviamsha. Baridi yabisi inaviamsha. Kidonda kinavihitaji ili kipone. Kwa hiyo kihisio kimoja kikisema kuna kimeng'enya kinakata, swali la kwanza la daktari ni, kinakata nini, na kwa sababu gani? Watafiti wanalijua hilo. Ndiyo maana wanatumia vihisio vingi kwa pamoja wasome mchanganyiko wake, na katika kazi ya 2020 ya saratani ya mapafu walitumia vihisio 14, wakawapima pia panya wenye mapafu yaliyovimba bila saratani ili waone kama kipimo kitadanganyika. Hapo walifanya vizuri. Lakini mapafu ya panya yaliyovimba kwa makusudi siku chache si mapafu ya mama aliyepuliza kuni miaka thelathini.

Halafu figo. Kipimo chote kinategemea zile figo zichuje. Mtu mwenye kisukari cha muda mrefu, ambaye figo zake zimeanza kuchoka, atatoa jibu hafifu hata kama ugonjwa upo. Na watu wa namna hiyo ndio hasa tunaotaka kuwapima.

Kwa binadamu kazi imeanza lakini haijafika mbali. Kampuni ya Glympse Bio, iliyozaliwa kutokana na maabara ya Bhatia, ilianza kuvijaribu vihisio hivi kwa watu, ikilenga ini lililojaa mafuta na kuanza kupata makovu. Baadaye kampuni hiyo ikachukuliwa na nyingine. Hayo ni ya kawaida kwenye biashara ya utafiti, wala si lazima yawe dalili mbaya, ila yanakuonyesha safari ilivyo ndefu kutoka kwenye kijichupa cha buluu mpaka kwenye dirisha la maabara ya kituo cha afya.

Mimi sikati tamaa na wazo hili, na nitawaambia kwa nini. Sababu yangu haiko Marekani wala London. Iko hapa hapa kwetu, kwenye kifua kikuu.

Kifua kikuu tumezoea kukipima kwa makohozi. Unapewa kikopo, unaambiwa ukohoe kutoka ndani, usiteme mate. Sasa mwambie hivyo mgonjwa wa UKIMWI aliyelazwa, amekonda, hana nguvu ya kukaa, kifua kikuu chake hakiko mapafuni peke yake bali kimeshaenea mwilini. Anajitahidi, anatoa mate. Maabara inarudisha karatasi: sampuli haifai. Ndugu wanaambiwa waje kesho. Kesho wakati mwingine haipo. Mtu huyo huyo, hata asiyeweza kugeuka kitandani, mkojo anao.

Ukuta wa bakteria wa kifua kikuu una kitu kilichounganishwa kwa sukari na mafuta, chenye jina refu ambalo wataalamu wamelifupisha kuwa LAM. Bakteria wakienea mwilini mwa mtu ambaye kinga yake imeshuka sana, LAM inaonekana kwenye mkojo. Kuna kijikaratasi kinachoitafuta. Mhudumu anaweka matone machache tu, mikrolita 60, anasubiri dakika 25, kisha anaushika ule ukanda pembeni ya kadi ya kulinganishia yenye mistari iliyofifia kwa madaraja, anaangalia kama mstari wa mgonjwa umefikia daraja la kwanza. Asubuhi yenye mwanga, hiyo ni kazi rahisi. Jioni taa zikiwa hafifu, wahudumu wawili wanaweza kubishana. Na rangi ya mstari huo inatokana na nini? Chembe za dhahabu. Bei yake imekuwa kama dola tatu na nusu za Marekani.

Kwa vigezo vya vitabuni hiki si kipimo cha kujivunia. Kati ya wagonjwa wa VVU wenye kifua kikuu, kinakosa zaidi ya nusu. Ungekipeleka kwa mwalimu angekupa alama za kufeli. Hata hivyo kilijaribiwa kwenye hospitali 10, za Afrika Kusini, Zambia, Zimbabwe na mbili za hapa Tanzania, kwa wagonjwa zaidi ya 2,500 wenye VVU waliolazwa wakidhaniwa kuwa na kifua kikuu. Nusu walipimwa kwa njia za kawaida, nusu wakaongezewa kipimo cha mkojo. Matokeo yalichapishwa 2016. Katika wiki nane, kundi la kwanza lilipoteza watu 25 kati ya kila 100. Kundi lililoongezewa mkojo lilipoteza 21.

Wanne kati ya mia. Aliyeko mbali na wodi ataona ni tofauti ndogo. Lakini fikiri waliokolewa na nini. Hakuna dawa mpya iliyoletwa, dawa ni zile zile za miaka yote. Waliokolewa kwa kuanza dawa mapema, na walianza mapema kwa sababu kipimo kiliwaomba kitu walichoweza kukitoa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wataalamu wanaopima ubora wa kipimo kwa swali moja tu, kinagundua wagonjwa wangapi kati ya waliopimwa. Mimi naanza na wale ambao hawakupimwa kabisa. Kipimo cha makohozi kilicho bora kabisa duniani kinagundua sifuri kwa mtu asiyetoa makohozi. Kipimo cha kukata kinyama na kukipeleka hospitali ya rufaa kinagundua sifuri kwa mwanamke aliyeogopa kisu, au ambaye mumewe alisema nauli hakuna, au aliyerudishwa mara tatu kwa sababu daktari wa kukisoma kinyama yuko likizo. Wengi wanaofika Ocean Road, hospitali yetu ya saratani jijini Dar es Salaam, hufika ugonjwa umeshasambaa, na si kwa sababu hawakujali. Mlango wa kupimwa ulikuwa mwembamba.

Shirika la Afya Duniani lilikipa kipimo cha LAM baraka zake mwaka 2015, tena kwa tahadhari, kisha 2019 likapanua kundi la wanaofaa kupimwa. Wakati huo huo Wajapani wa Fujifilm walikuwa na mbinu yao. Wale tuliowahi kupeleka filamu studio kusafishiwa picha tunakumbuka kwamba picha ile ilitokana na fedha, madini ya fedha, ambayo dawa za chumba cha giza ziliyakuza mpaka kivuli kikaonekana. Fujifilm walipoona biashara ya filamu inakufa walichukua ujuzi huo huo wakaupeleka kwenye kijikaratasi cha mkojo. Chembe za dhahabu zikishanasa LAM, mhudumu anabonyeza kitufe, madini ya fedha yanaachiwa, yanajikusanya juu ya dhahabu na kuinenepesha mpaka mstari usioonekana unaonekana. Kwa wagonjwa waliolazwa Afrika Kusini, utafiti wa 2019 ulionyesha kipimo hicho kinagundua 70 kati ya 100, dhidi ya 42 za kile cha zamani. Tulishangilia. Kisha ikaja kuonekana kwamba shehena moja ya kiwanda na nyingine hazitoi majibu yanayofanana. Hivyo ndivyo mambo haya yanavyokwenda. Chembe ya nano ni rahisi kuitengeneza mara moja; kuitengeneza mara milioni, kila moja ikiwa sawa na mwenzake, ndiyo kazi.

Niwapeleke Pemba kidogo kabla muda haujatuishia. Kichocho cha mkojo huko kilipimwa miaka yote kwa mtindo mmoja. Watoto wa shule wanapewa vikopo, tena kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa sababu mayai ya minyoo hutoka kwa wingi mchana. Mililita 10 za mkojo zinavutwa kwa bomba la sindano, zinasukumwa kupitia kichujio, kichujio kinawekwa chini ya hadubini, na mtu aliyeinama hapo tangu asubuhi anahesabu mayai yenye mwiba mmoja mkiani. Mtindo huo ulitosha wakati kila mtoto wa pili alikuwa na kichocho. Lakini dawa ya prazikwanteli ilipogawiwa mwaka baada ya mwaka na minyoo ikapungua, mayai yakawa machache, yakaanza kuukwepa ule mkojo kidogo unaochujwa. Hadubini ikasema mtoto mzima, kumbe ndani bado kuna minyoo wawili watatu.

Watafiti wa Leiden, Uholanzi, walikuwa na kipimo kinachotafuta kitu ambacho minyoo hao hukitapika kwenye damu ya mtu na ambacho figo hukitoa. Badala ya dhahabu walitumia chembe za madini maalumu yanayong'aa, kubwa kuliko zile za dhahabu, zinazomulikwa kwa mwanga usioonekana na jicho nazo zikajibu kwa mwanga unaoonekana. Mkojo wenyewe hauna kitu kingine chenye tabia hiyo, kwa hiyo kikiwaka ujue ni chembe. Kilipojaribiwa Zanzibar, na matokeo kuchapishwa 2015, kilionyesha wenye maambukizi wengi kuliko hadubini ilivyokuwa imewaona. Kwa mtu anayetaka kuumaliza ugonjwa visiwani, hao waliofichika ndio wanaourudisha kila msimu wa mvua.

Sasa nirudi kwa Bhatia na mikrofoni iwe upande wake. Kama leo angefika kwenye zahanati yetu moja, yenye muuguzi mmoja na foleni ya akina mama mpaka chini ya mwembe, nisingemuuliza kuhusu kijikaratasi. Kijikaratasi tunakijua, hata muuguzi amekizoea. Ningemuuliza kuhusu ile saa moja ya kabla yake. Nani atamchoma mtu mzima asiyeumwa sindano yenye chembe za nano, na atamweleza nini? Sisi ni watu ambao tuliletewa chanjo ya uviko tukaambiana kwamba ina kitu cha kutufuatilia. Hiyo ya kuvuta kwa pumzi naona ina nafasi zaidi, angalau haina sindano. Lakini nayo itahifadhiwa wapi, kwenye joto la Tabora la mwezi wa kumi? Watafiti wa LAM walikuwa na bahati moja kubwa: hawakuhitaji kumuingizia mgonjwa kitu chochote.

Na jambo la pili, linalozidi la kwanza: mstari ukitokea, kisha nini? Mgonjwa wa kifua kikuu mstari ukitokea anapewa dawa hapo hapo, bure, ndiyo maana wale wanne wakapona. Mwenye uvimbe wa milimita mbili kwenye mapafu atahitaji CT kuutafuta ulipo, daktari wa upasuaji wa kifua, na kitanda. Ukimwambia una saratani halafu ukampa barua ya rufaa ya kwenda mahali ambako CT imeharibika, umempa usiku wa kutolala tu. Kwa ini hali ni nafuu kidogo. Makovu ya ini yakigunduliwa mapema, yawe ya pombe, ya mafuta, ya homa ya ini aina ya B au ya kichocho cha tumbo kinachowasumbua watu wa ukanda wa Ziwa, kuna mambo ya kufanya ambayo hayahitaji chumba cha upasuaji. Kama ningekuwa na fedha za kuweka kwenye jambo hili, ningeanzia kwenye ini.

La mwisho ni la kiutendaji, maana najua mtaani watu ni wepesi. Kufikia leo hakuna kipimo cha kuvuta hewani au kuchomwa sindano kisha ukakojoa ukajua una saratani ambacho kimeruhusiwa kuuzwa kwa wananchi, iwe duka la dawa, iwe kwenye mtandao, iwe kwa yule kijana anayepita majumbani na begi. Akikuletea, mwambie arudi nacho alikotoka. Lakini kama una ndugu anayeishi na VVU, amelazwa, anapungua uzito, ana homa za usiku, na makohozi hayatoki, muulize daktari wa wodi au wahudumu wa CTC, ile kliniki ya wanaoishi na VVU, kama wanacho kile kipimo cha mkojo cha kifua kikuu. Kiulizie kwa jina la LAM. Kikiwepo, majibu yake utayapata kabla hujamaliza kumlisha uji.